Matibabu ya Umeme: Ugonjwa ni Mmoja, Desturi ni Nyingi

Juma hili nataka kueleza habari za jambo ambalo watu wengi hulitaja kwa kunong'ona, nalo ni matibabu ya umeme wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa akili hospitalini. Wengine huyaita "kupigwa shoti", na mtu akisikia jina hilo hushikwa na hofu kabla hajauliza mgonjwa atendewa nini na kwa sababu gani. Hofu hiyo tutaigusa, lakini habari yangu kubwa ni nyingine. Matibabu haya yana umri wa zaidi ya miaka 80, na mpaka leo hayatumiwi kwa kipimo kimoja duniani. Nchi moja huyatumia sana, na jirani yake karibu hayatumii kabisa. Hata ndani ya nchi moja, mji mmoja waweza kuwatibu hivyo wagonjwa wengi, na mji wa pili usimtibu hata mmoja.

Mkulima wa kahawa atanielewa upesi. Kutu ikiingia katika majani, dawa hupulizwa kwa sababu ya kutu. Basi tukisikia kwamba wilaya moja imepuliza mara kumi, na wilaya ya pili yenye kutu ile ile haikupuliza kabisa, hatutaridhika kuambiwa kwamba ndiyo desturi ya huko. Tutauliza kama ni kutu iliyotofautiana, au ni bei ya dawa, au ni mabwana shamba wenyewe.

Kwanza tuyaeleze matibabu yenyewe yanavyofanywa katika hospitali iliyo na vifaa vyote. Mgonjwa hali kitu tangu usiku. Asubuhi hulazwa kitandani, na daktari wa nusukaputi humpiga sindano ya usingizi katika mshipa, kisha dawa ya pili ya kulegeza misuli, naye huvutishwa hewa ya oksijeni. Kipande laini cha mpira huwekwa kati ya meno yake. Vibamba viwili vya umeme huwekwa kichwani, ama kimoja kila upande, ama vyote viwili upande wa kulia, na umeme hupitishwa kwa sekunde chache tu. Umeme wenyewe sio unaotibu. Kinachotibu ni mtukutiko kama wa kifafa ambao umeme huo huuamsha ndani ya ubongo, nao huendelea kwa muda wa nusu dakika hivi, au zaidi kidogo. Kwa kuwa misuli imelegezwa, asimamaye karibu huenda asione ila vidole vya mguu vikitetemeka. Baada ya dakika chache mgonjwa huamka, kwa kawaida akiwa na kichwa kinachouma na mawazo yaliyochanganyika kwa kitambo. Jambo hili hurudiwa mara 6 mpaka 12. Uingereza hufanya mara mbili kwa juma, na Marekani mara tatu. Hata hesabu ya siku, kama uonavyo, hufuata bendera.

Wanaosaidiwa zaidi ni wenye huzuni nzito, yaani ule ugonjwa uitwao sonona, hasa unapofika mahali ambapo mtu hali, hanywi, anataka kujiua, au anaamini mambo yasiyokuwako, na vidonge vimeshindwa. Wengine ni wenye katatonia, ambao hukauka kama gogo wasiseme wala wasijongee. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kufa kwa njaa huku chakula kiko mbele yake. Kwa watu kama hao matibabu haya aghalabu hufanya kazi upesi. Ni kwa nini mtukutiko huo huponya, wataalamu wana maelezo mengi, nao hawajakubaliana juu ya hata moja.

Mwanzo wake haukuwa wa heshima kubwa. Mwaka wa 1934, huko Budapest, daktari Ladislas Meduna aliwadunga wagonjwa kafuri ili washikwe na mtukutiko, kwani alidhani kwamba kifafa na skizofrenia haviwezi kukaa katika mwili mmoja. Dhana hiyo ilikuwa si kweli, lakini wagonjwa wengine walipata nafuu. Ubaya wa sindano zile ni kwamba kabla ya mtukutiko kuja, mgonjwa alijazwa hofu kuu isiyoelezeka, na mara nyingi alikataa kudungwa tena. Ndipo Ugo Cerletti na Lucio Bini wa Roma wakatafuta njia ya umeme. Cerletti alikwenda katika machinjio ya mji ule, akaona nguruwe wakipigwa umeme kichwani ili wazirai kabla ya kuchinjwa, na akagundua kwamba umeme peke yake haukuwaua. Mwezi wa Aprili 1938 wakamtibu mtu wa kwanza, ambaye alikuwa ameokotwa akitangatanga katika stesheni ya gari la moshi.

Njia hiyo ilikuwa rahisi na ya bei ndogo, kwa hiyo ilienea katika muda wa miaka michache Ulaya na Marekani. Siku zile haikuwako nusukaputi. Mgonjwa alitukutika waziwazi huku akishikwa na wauguzi, na wengine walivunjika pingili za uti wa mgongo. Tena, katika hospitali kubwa zilizojaa watu kupita kiasi, umeme ulitumiwa mara nyingine kwa kuwatuliza wagonjwa wasumbufu, si kwa kuwaponya. Dawa nzuri ya kulegeza misuli ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini sifa mbaya ilikuwa imekwisha kushika mizizi. Vidonge vipya vya ugonjwa wa akili vikatokea miaka hiyo hiyo, na madaktari wengi wakaviacha vibamba kabatini.

Sasa tutazame Marekani, kwa kuwa huko hesabu iliandikwa vizuri. Mwaka wa 1972 Seneta Thomas Eagleton alichaguliwa awe mgombea wa makamu wa rais pamoja na George McGovern. Ikajulikana kwamba zamani alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa huzuni na kutibiwa kwa umeme, na katika siku 18 tu akalazimika kujiondoa. Naona ni vema kuongeza kwamba aliendelea kuwa seneta mpaka mwaka wa 1987, na watu wake hawakumwona ana upungufu wa akili. Mwaka wa 1975 ikatoka ile filamu iitwayo One Flew Over the Cuckoo's Nest, ambamo umeme unatolewa kama adhabu, bila ya usingizi, na mamilioni ya watu wakaitazama. Katika mwaka huo huo wa 1975 wagonjwa 58,667 walitibiwa kwa umeme katika hospitali za Marekani. Mwaka wa 1980 walikuwa 31,514, yaani karibu nusu walikuwa wamepungua katika miaka mitano. Mwaka wa 1986 walikuwa 36,558. Wamarekani hawakuacha kuugua sonona katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni fikira za watu, sheria za majimbo, na woga wa madaktari kushitakiwa.

Mwaka wa 1982 raia wa mji wa Berkeley, California, walipiga kura kupiga marufuku matibabu haya katika mji wao, nao wakashinda. Baada ya muda mfupi mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Jimbo la Texas, mwaka wa 1993, liliyakataza kwa watoto walio chini ya miaka 16, na kuagiza hospitali zipeleke taarifa za kila anayetibiwa. Agizo hilo la pili nalisifu, kwani mahali pasipo na taarifa wenye kusifu na wenye kulaumu wote hubuni.

Lakini hesabu iliyonishangaza kuliko zote ilitolewa mwaka wa 1995, kutokana na majibu ya madaktari wa akili yaliyokusanywa miaka ya 1988 na 1989. Wachunguzi waliigawa Marekani katika maeneo 317 ya miji. Katika maeneo 115 hakuna daktari aliyesema kwamba ametoa matibabu ya umeme hata mara moja. Katika yale 202 yaliyobaki, eneo la chini kabisa lilikuwa na wagonjwa 0.4 katika kila watu 10,000, na la juu kabisa lilikuwa na 81.2. Msomaji aliye karani na afanye hesabu: eneo moja lilizidi lingine zaidi ya mara 200. Walipotafuta sababu, waliona kwamba tofauti hizo zilifuata wingi wa madaktari wa akili na wa madaktari wa kawaida mahali pale, wingi wa vitanda katika hospitali za kulipia, na ukali wa sheria ya jimbo. Haya yote hayamo mwilini mwa mgonjwa.

Tena, katika Marekani waliopata matibabu haya kwa wingi hawakuwa maskini waliofungiwa, kama filamu ile inavyotufanya tudhani. Walikuwa zaidi wazungu, wenye bima, waliolazwa katika hospitali za kulipia. Watu weusi na wale waliolazwa katika hospitali za majimbo walipewa mara chache zaidi. Mtu aweza kusema kwamba waliepushwa na madhara, na mwingine aweza kusema kwamba walinyimwa dawa; inategemea kama mgonjwa anayenenwa alikuwa akitaka kula au alikuwa akikataa. Na huduma yenyewe imezidi kuwa adimu. Mwaka wa 1993 zaidi ya nusu ya hospitali za kawaida zenye wodi za ugonjwa wa akili zilikuwa zikitoa matibabu haya, lakini kufika mwaka wa 2009 zilibaki kama theluthi moja.

Uingereza ilikuwa na shida ya namna nyingine. Huko matibabu yalipatikana karibu kila mahali, ila hayakufanywa vizuri. Uchunguzi mkubwa wa mwaka wa 1980 ulikuta mashine kuukuu, vyumba visivyofaa, na madaktari wachanga walioachiwa kazi bila kufundishwa. Jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilisema waziwazi kwamba hali hiyo ni ya aibu. Ilihitajika miaka mingi ya ukaguzi kuitengeneza. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka wa 1999, wagonjwa wapatao 2,800 walitibiwa kwa umeme katika nchi ya England, na theluthi mbili yao walikuwa wanawake. Wengine waliona jambo hilo kuwa ni uonevu, lakini sonona huwapata wanawake kama mara mbili kuliko wanaume, na kwa wingi waliotibiwa walikuwa wazee, ambao wengi wao ni wanawake pia.

Linganisha basi Scotland na Uswidi. Nchi zote mbili ni za baridi, zote zina hospitali za umma ambako mgonjwa halipi ada kubwa, na zote huandika habari za wagonjwa hawa katika daftari moja la taifa. Scotland, yenye watu zaidi ya milioni tano, huwatibu kwa umeme watu wasiofika 500 kwa mwaka, yaani chini ya 10 katika kila watu 100,000. Uswidi, mwaka wa 2013, iliwatibu karibu 4,000, yaani kama 40 katika kila watu 100,000. Madaktari wa Uswidi hawaoni kwamba wamezidisha, wala wale wa Scotland hawaoni kwamba wamepunguza. Kila mmoja alifundishwa na mwalimu wake, akamwona mwalimu wake akifanya hivyo.

Katika nchi nyingine za Ulaya historia ndiyo inayosema. Ujerumani ilibeba kumbukumbu ya wakati wa Hitler, ambapo madaktari walishiriki kuwaua maelfu mengi ya wagonjwa wa akili, na katika miaka ya 1970 na 1980 watu wengi huko hawakutaka kusikia habari za daktari anayemtia mgonjwa umeme. Italia, mahali pale pale yalipozaliwa matibabu haya, ilipitisha mwaka wa 1978 sheria ya kufunga hospitali za wendawazimu, kazi iliyoongozwa na daktari Franco Basaglia. Na leo ni hospitali chache tu za Italia zinazoyatoa. Uholanzi karibu iyaache kabisa, kisha ikayarudia. Slovenia kwa miaka mingi haikuyatoa kabisa, na jirani yake Kroatia ikaendelea kuyatoa. Mgonjwa aliyezaliwa upande huu wa mpaka alikuwa na dawa ambayo mwenziwe wa upande wa pili hakuwa nayo.

Mwaka wa 2012 wachunguzi wa Norwe walichapisha mkusanyo wa habari kutoka mabara yote. Waliona kwamba katika nchi za Magharibi mgonjwa wa kawaida wa matibabu haya ni mwanamke mwenye umri mkubwa na ugonjwa wa huzuni. Katika nchi nyingi za Asia ni kijana mwanamume mwenye skizofrenia. Ni mashine ile ile, lakini ni kana kwamba ni dawa mbili mbalimbali. Waliona pia jambo zito zaidi, ya kwamba katika sehemu za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, na hata katika nchi kadhaa za Ulaya, wagonjwa walikuwa wakitiwa umeme bila nusukaputi wala dawa ya kulegeza misuli.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu jambo hili latuhusu Waafrika. Daktari wa nusukaputi ni adimu sana katika bara letu, na aliyepo huhitajiwa kwanza katika chumba cha upasuaji, kwa mama anayejifungua kwa shida na kwa aliyegongwa na motokaa. Mgonjwa wa akili husimama nyuma ya mstari huo. Kwa hiyo daktari wa akili huwa na njia tatu: amngojee mwenzake asiyekuja, aache kutibu, au atibu kama walivyotibu wa mwaka wa 1938. Wako wanaotetea njia hiyo ya tatu wakisema kwamba mgonjwa anayekufa kwa kutokula asinyimwe dawa kwa kukosa usingizi. Mimi sikubaliani nao, ingawa nauona uzito wa neno lao. Mifupa huvunjika, na mtu aliyepata mambo hayo akiwa macho atawaonya jamaa zake wote wasikaribie hospitali, hata kwa vidonge. Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka wa 2005 kwamba matibabu ya namna hiyo yakomeshwe. Bara Hindi, ambako yalikuwa ya kawaida katika hospitali nyingi, ilipitisha mwaka wa 2017 sheria inayoyakataza, na sheria hiyo hairuhusu mtoto atiwe umeme isipokuwa mlezi wake amekubali na bodi maalumu imetoa idhini. Ila sheria haizai madaktari wa nusukaputi. Hao hutoka katika vyuo, kwa fedha, katika muda wa miaka.

Lipo neno la kumbukumbu, na hapo wagonjwa na madaktari wamegombana tangu zamani. Karibu kila anayetibiwa husahau mambo ya siku au majuma yaliyo karibu na matibabu. Wengi hurudiwa na kumbukumbu zao, lakini wengine husema wamepoteza miezi, hata miaka, ya maisha yao, na kwa muda mrefu madaktari waliwajibu kwamba huo ndio ugonjwa unaosema. Mwaka wa 2007 uchunguzi uliofanywa katika hospitali saba za eneo la New York ulionyesha kwamba upotevu wa kudumu upo, na kwamba wingi wake hutegemea namna ya kutibu: vibamba vikiwekwa pande zote mbili hudhuru kumbukumbu zaidi kuliko vikiwekwa upande wa kulia, na mashine za umeme wa mtindo wa kale hudhuru zaidi kuliko mpya. Hayo ni maswali ambayo jamaa wa mgonjwa aweza kumwuliza daktari kabla ya kutia sahihi. Je, iko nusukaputi? Ni mashine ya namna gani? Vibamba vitawekwa upande gani? Na je, mgonjwa mwenyewe ameulizwa? Kwani mtu mwenye huzuni hajapoteza haki ya kukubali au kukataa kwa sababu tu ana huzuni, na baba au kaka asitie sahihi kwa niaba ya mtu awezaye kusema mwenyewe.

Swali la mwisho la kuulizwa ni mambo yatakavyokuwa baada ya matibabu, nalo husahauliwa hata na wenye elimu. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2001 uliwafuata wagonjwa waliokuwa wamepona kwa umeme. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, 84 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa katika miezi sita. Waliopewa dawa moja ya huzuni, iitwayo notriptilini, walirudiwa 60. Waliopewa dawa hiyo pamoja na lithi walirudiwa 39. Ndiyo kusema kwamba aliyetolewa shamba la mbali akapelekwa mji mkuu, akapona, kisha akarudishwa nyumbani bila vidonge na bila siku ya kuonana na daktari, yu katika hatari ya kuugua tena kabla ya mavuno. Hospitali nyingine huwaita wagonjwa wa namna hiyo mara moja kila baada ya majuma kadhaa, wakatiwa umeme na kurudi nyumbani siku ile ile. Hao ni lazima waje na mtu mzima wa kuwasindikiza, tena hawaruhusiwi kuendesha motokaa siku hiyo. Na nauli ni ya watu wawili.